Faini ya Vyungu Vitatu
(Maneno ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Kyela)



Risala imeshasomwa na Katibu, na hesabu za miaka kumi zimeshasomwa na Mtunza Sanduku, kwa hiyo hatutarudia habari za hisa, mikopo na mpunga. Mmezisikia. Sisi tumepewa nafasi ya kuzungumza jambo moja tu, na tumechagua tuzungumze habari ya macho. Tunawaona wanaonong'onezana pale nyuma, eti Mwenyekiti ameacha habari za fedha anatuletea za hospitali. Tuvumilieni kidogo. Jambo hili liliingia hadi kwenye sanduku letu la kufuli tatu, likatutia aibu, na leo kabla hatujala wali kuna kifungu cha katiba tunachotakiwa kukipigia kura kwa ajili yake.

Elimu yetu sisi tunaozungumza hapa ni ya darasa la saba. Haya tutakayoyasema tumeyapata kwa kumsindikiza mgonjwa, kwa kuuliza maswali mpaka mpima macho akacheka, na kwa kusomewa vitabu na vijana wetu waliosoma.

Wanachama wa zamani mnamkumbuka mwenzetu mmoja aliyekuwa mhesabu fedha. Ameturuhusu tuseme habari zake, ila jina tusilichapishe kitabuni, ingawa wote mnamjua na yupo hapa. Ni mama mchapakazi, ana kakao na kipande cha mpunga. Lakini alikuwa na sifa ya uzembe. Akimimina mafuta kwenye chupa, mengine yanakwenda mezani. Akipewa kikombe cha chai anakamata hewa kwanza, halafu ndo anakipata. Kwenye gogo la kuvukia mfereji shambani anasimama, anapapasa kwa mguu kama mtoto anayejifunza kutembea. Na kwenye kupasua kakao, ninyi mnajua kazi ile ilivyo, tunda liko mkono huu na panga liko mkono ule, alijikata kidole mara mbili katika msimu mmoja. Watu wakaanza kusema anakunywa. Sisi viongozi tuliyasikia hayo maneno na hatukuyakataza.

Basi ukafika mwaka tuliokuwa na mradi wa vyungu. Mnajua wenzetu akina mama wa Kikisi wa Ikombe wanavyovileta kwa mtumbwi kwenye soko la Lyulilo pale Matema, siku ya Jumamosi. Tulikwenda kununua vya kuja kuuza Kyela mjini na Ipinda. Kushusha vyungu kwenye mtumbwi tulijipanga mstari, huyu anampa huyu. Yeye alikuwa katikati. Chungu cha kwanza alikiachia kabla mwenzake hajakishika. Tukanyamaza. Cha pili vilevile. Cha tatu tulipiga kelele, na chungu kikavunjika huku tukipiga kelele.

Tulimtoza faini ya shilingi 6,000. Ipo kwenye daftari, tumeiona juzi tu tulipokuwa tunatafuta kumbukumbu za kijitabu hiki. Imeandikwa "uzembe", na aliyeandika akapigia mstari. Mama wa watu akalipa bila kubisha, na mkutano uliofuata akaomba apumzishwe kazi ya kuhesabu fedha. Tukamkubalia haraka mno.

Kabla ya hapo alikuwa ameshajitafutia dawa mwenyewe. Alinunua miwani ya mnadani, ile inayopangwa kwenye turubai pamoja na betri na vitana. Ikamsaidia kidogo kusoma Biblia, lakini mafuta yaliendelea kumwagika. Kilichotufumbua macho ni neno alilolisema siku moja kwa bahati tu, tunakagua madaftari. Alisema, jamani, hii mistari ya kulala ninaiona sawa, lakini ule mstari mwekundu wa pembeni, uliosimama, una kivuli kama umechorwa mara mbili. Tukamwambia afunge jicho la kulia. Akasema sasa uko mmoja. Akafunga la kushoto. Akasema sasa umefutika.

Kati yetu kuna mama aliyewahi kuwa mhudumu wa wodi miaka mingi. Yeye ndiye aliyesema, huyu si mzembe, mpelekeni kwa mpima macho. Tukachanga nauli tukaenda naye Mbeya, zaidi ya kilomita 100 za kupanda mlima.

Pale tukaambiwa jina la ugonjwa, tukaomba liandikwe: astigimatizimu. Siyo ugonjwa wa kuambukiza, na kwa kweli siyo ugonjwa kama tunavyouelewa sisi, ni umbo la jicho. Mbele ya jicho kuna kioo kinachoitwa konea. Kinatakiwa kiwe na mviringo ulio sawa pande zote, kama mpira. Kwa mwenye astigimatizimu kina umbo kama mgongo wa kijiko: ukipapasa kwa urefu mkunjo ni mpole, ukipapasa kwa upana mkunjo ni mkali. Sasa mwanga unaopita kwenye mkunjo mkali unakutana mapema, na ule wa mkunjo mpole unakutana baadaye, hivyo nukta haiwi nukta, inavutika inakuwa mstari. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiyunani, maana yake kukosa nukta. Ndiyo sababu mtu anaweza kuona vizuri mistari ya upande mmoja na ya upande mwingine ikawa na ukungu.

Tena tuliambiwa tusitishike. Watu wengi wana kiasi kidogo cha hali hii na hakiwasumbui maisha yao yote. Shida ni ikizidi, au ikiwa kubwa jicho moja kuliko lingine. Mwenzetu jicho la kushoto lilikuwa jema karibu kabisa. La kulia ndilo lililopinda.

Kuna habari moja vijana walitusomea ikatufurahisha. Mwingereza mmoja, Thomas Young, aliieleza hali hii mwaka 1801 kwa kupima jicho lake mwenyewe. Baadaye akaja mwingine, George Airy, mtaalamu wa nyota, msomi wa Cambridge. Huyu alijishtukia kwamba anaposoma, jicho la kushoto halimsaidii kitu. Akatoboa kadi tundu dogo, akatazama mwanga kupitia pale. Akiisogeza kadi, tundu linaonekana mstari wa upande huu. Akiisogeza tena, linaonekana mstari wa upande mwingine. Hakuliona kamwe kama nukta. Mwaka 1825 akapata lenzi aliyoifikiria mwenyewe, iliyochongwa kurekebisha upande mmoja zaidi ya mwingine. Tunamtaja kwa sababu hata msomi wa nyota alikaa na jicho bovu bila kujua mpaka alipolijaribu peke yake. Ukifungua macho yote mawili, lile zima linamficha mwenzake.

Sasa mtauliza, ukungu wa mistari unaangushaje chungu? Hapa ndipo na sisi tulipouliza mpaka watu wakachoka.

Hebu tujaribu hapahapa. Kila mwenye kalamu ashike moja mkono wa kulia, aazime nyingine mkono wa kushoto. Nyoosheni mikono mbele, halafu fumbeni jicho moja, mkaribishe ncha mbili zigusane, moja ikitokea kushoto na nyingine kulia. Naam. Mnaona zinavyopishana? Mgeni Rasmi naye zimepishana. Sasa fungueni macho yote mawili mrudie. Zinagusana.

Macho yetu mawili yameachana kama sentimita 6. Kwa hiyo kila jicho linapata picha yake, tofauti kidogo na ya mwenzake, na akili ndiyo inayolinganisha picha hizo mbili na kujua hiki kiko karibu, kile kiko mbali. Mwingereza Charles Wheatstone ndiye aliyelithibitisha jambo hili mwaka 1838, kwa kifaa cha vioo kilichompa kila jicho picha yake, na picha mbili bapa zikaonekana kama kitu kimoja chenye unene. Akili inapolinganisha, inahitaji alama za kushika, kama mtu anayepima nguo mbili kwa kulinganisha pindo na pindo. Na kwa kuwa macho yamepangwa ubavu kwa ubavu, tofauti ya picha iko kulia na kushoto. Kwa hiyo alama zinazofaa zaidi ni zile kingo zilizosimama: ubavu wa kikombe, shingo ya chupa, mguu wa meza. Mwenzetu kingo hizo hizo ndizo zilizokuwa zinafutika, tena jicho moja tu. Akili inapewa picha moja yenye kingo na nyingine yenye moshi, italinganisha nini? Tuliambiwa ukungu wa jicho moja unaharibu kipimo hiki kuliko ukungu ulio sawasawa macho yote mawili. Kwetu lilikuwa jambo geni, tulidhani mwenye jicho moja zima amepata nafuu.

Lakini tusizidishe. Mtu hapimi umbali kwa njia hiyo peke yake. Yupo mzee wetu mvuvi aliyepoteza jicho moja tangu ujana, na mtumbwi wake aliufikisha nchi kavu kuliko vijana wenye macho mawili. Anatumia ukubwa wa vitu, kivuli, kitu kipi kimekifunika kipi, na jinsi vitu vinavyopishana ukitikisa kichwa. Milima ya Livingstone ile pale huipimi kwa macho mawili, iko mbali mno, picha zote mbili zinakuwa sawa. Kazi inayodai macho mawili ni ya karibu, ya urefu wa mkono: kutunga uzi, kumimina, kupokea kitu, kupasua kakao. Kazi zetu akina mama, kwa ufupi. Ndiyo sababu mwenzetu njia ya kwake alitembea vizuri hata usiku, kwa sababu aliizoea, lakini kwenye mtumbwi unaoyumba, mwanga unametameta majini, akaonekana mlevi.

Sasa habari ya miwani, na hapa tunaomba msikilize kwa makini kwa sababu ndipo fedha ya kikundi ilipotaka kupotea.

Miwani ya astigimatizimu haiuzwi mnadani. Ile ya mnadani ina nguvu sawa macho yote mawili, na inakuza pande zote sawa, ni ya kuwasaidia wazee wasome. Ya kwake inachongwa kwa vipimo vya jicho lake, na kwenye karatasi kuna namba ya ziada inayosema lenzi ielekee upande gani, kwa nyuzi, kuanzia 1 hadi 180. Lenzi ikigeuka ndani ya fremu, imeharibika kazi. Kwa hiyo miwani hiyo haiazimwi. Dada mtu akifariki, mdogo mtu hairithi.

Tulimkopesha kutoka mfuko wa jamii. Katiba yetu ilikuwa inataja msiba, ugonjwa wa kulazwa na moto. Miwani haimo. Tulijitetea kwamba ni ugonjwa, wengine wakanung'unika, lakini fedha ikatoka. Miwani ikaja. Siku ya kwanza akaivaa tukampigia vigelegele.

Siku ya pili akaivua. Anasema sakafu imelala upande, mlango unataka kumwangukia, ngazi ya kanisani imekwenda juu. Anatembea ananyanyua miguu kama anavuka matope. Siku ya tatu miwani iko kabatini. Jamani, maneno tuliyoyapata wiki ile! Mtunza Sanduku alitafutwa mpaka kwake. Ikasemwa fedha ya wanachama imenunua urembo, na mwenyewe hata urembo hautaki.

Tukapiga simu Mbeya. Yule mpima macho wala hakushangaa. Lenzi ile, alisema, inarekebisha upande mmoja, na katika kurekebisha inaitanua picha kidogo upande huo. Kwa hiyo jicho la kulia sasa lina picha safi, lakini upana wake haulingani na wa jicho la kushoto. Akili, ambayo ndiyo kwanza imepata alama za kulinganisha, inaona tofauti ya upana na kuitafsiri kama sakafu imeinama. Miaka yote ilikuwa imezoea uongo wa zamani, sasa imepewa ukweli wenye kilema kidogo, inabidi ijifunze upya. Inachukua siku kadhaa, kwa wengine wiki mbili hivi. Akituonya pia: siku hizo asipande ngazi na miwani mipya, asiendeshe baiskeli, asiingie mtumbwini, maana mtu mzima anaweza kuanguka kwa miwani mizuri kama anavyoanguka kwa macho mabaya. Aanze nayo amekaa nyumbani. Wiki mbili zikipita na sakafu bado imeinama, arudi, huenda lenzi imegeuka au fremu imekaa upande.

Hayo hatukuwa tumeambiwa siku ya kuichukua, au tuliambiwa tukiwa tunawaza basi la kurudi. Tunayachapisha kwenye kitabu hiki ili asiwepo mwingine wa kuitupa kabatini.

Akairudia. Siku ya tisa alituita kwake, watatu wa uongozi. Akaweka chupa ya soda mezani, hakuweka mrija, akachukua kidumu cha mafuta akamimina. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, lakini kwa kutuogopa sisi. Halikudondoka tone. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Hatutaki kuwadanganya kwamba amekuwa kama msichana. Kutunga uzi bado ni tabu, na kakao anapasua taratibu, anapigisha tunda kwenye gogo badala ya panga. Mpima macho alisema jicho lile lilikuwa hivyo tangu utoto, na akili hujifunza kuyatumia macho mawili pamoja katika miaka ya mwanzo ya maisha. Mtoto asipopata picha safi wakati huo, jicho linakuwa vivu, na miwani ya ukubwani inalisaidia nusu tu. Kwa hiyo mtoto anayejikwaa kila siku, anayesogeza kichwa upande akitazama, anayekosa mpira uliotupwa mkononi mwake, apelekwe mapema, kabla hata ya kuanza darasa la kwanza ikiwezekana. Siyo lazima awe na tatizo hili, lakini kipimo hakiumi.

Na watoto wanaowashwa macho, msiwaache wakiyafikicha. Kufikicha sana, mwaka hadi mwaka, kunaweza kuchangia konea kulegea na kuchongoka kama pia, na hapo astigimatizimu inakuwa kubwa na ya ovyo, miwani ya kawaida haiitoshi. Vivyo hivyo dawa za majani zinazotiwa machoni. Tunawaheshimu bibi zetu, dawa zao za tumbo tumekunywa, lakini jicho likipata kovu kwenye konea, kovu haliondolewi kwa miwani. Halafu kuna ile nyama nyeupe inayotambaa kutoka upande wa pua, tunayoiona kwa wavuvi na sisi tunaoshinda mashambani. Jua, upepo na vumbi vinaichochea. Ikifika kwenye konea inaivuta, na jicho lililokuwa jema linapinda. Kofia pana inasaidia. Ikikaribia mboni, hospitali wanaiondoa kwa upasuaji.

Vilevile siyo kila anayejikwaa ana tatizo hili. Kuna mtoto wa jicho, kuna presha ya macho, kuna sukari. Sisi si waganga, tunasema tu asitozwe faini kabla hajapimwa.

Tumefika kwenye kifungu. Uongozi unapendekeza mfuko wa jamii uruhusiwe kukopesha miwani iliyoandikwa na mpima macho, bila riba, irudishwe kwa miezi sita. Tumeshasikia pingamizi. La kwanza, kwamba watu wataomba miwani ya urembo. Jibu letu ni karatasi ya vipimo, bila karatasi hakuna fedha. La pili, kwamba mkopo wa miwani hauzalishi kama mkopo wa mbolea. Hilo tulilipeleka kwa vijana watafute, wakaleta utafiti uliofanyika Assam kule India ukatangazwa mwaka 2018, kwa wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi, kazi ileile ya jirani zetu wa Rungwe. Waliopewa miwani ya kuonea karibu walizidi wenzao kwa chai waliyochuma kwa zaidi ya asilimia 20. Ile ilikuwa shida ya macho ya utu uzima, siyo hii ya kupinda, tuseme ukweli. Lakini mkono ni uleule unaotafuta jani. La tatu lilisemwa na mama mmoja tunayemheshimu sana, kwamba wazazi wetu waliishi bila miwani. Waliishi, mama. Wengine kati yao waliitwa wazembe mpaka wakazikwa, na hakuna aliyewahi kuwafunga jicho moja akawauliza wanaona nini.

Kura itakuwa ya kunyosha mikono, Katibu atahesabu.

Kabla ya kura kuna deni. Shilingi 6,000 za vyungu vitatu zimetolewa leo kwenye mfuko wa faini, na neno "uzembe" limekatwa kwenye daftari kwa kalamu nyekundu mbele ya watunza funguo wote watatu. Fedha ipo mezani, tumeiweka kwa noti ndogondogo makusudi. Tunamwomba mwenzetu apite mbele aihesabu mwenyewe, halafu akae pale pale kwenye kiti chake cha zamani, kwa sababu hisa za leo bado hazijahesabiwa na tunaye mhesabu mmoja tu.